Lori Lililokataa Kuamka Kanaba

Vijana wangu mnaoshika spana leo, nyinyi wa Kawempe mnaonipita hapa kibarazani mkiniita Mzee Kato, na nyinyi wa kwingine ambao sijawaona, nawaandikia juu ya baridi. Najua mtacheka. Kampala hatujui baridi. Mvua ikinyesha Kansanga asubuhi, watu wanavaa makoti na kusema wanakufa. Lakini lori halikai Kampala. Lori linapanda Kabale, linapita milima ya Kisoro, linavuka Kenya kule juu ambako majani asubuhi yanakuwa meupe, na huko ndiko litakakokukataa.

Jambo la kwanza mlijue: baridi yetu haigandishi dizeli. Ukimsikia fundi anasema dizeli imeganda Kabale, mwache aendelee na safari yake. Baridi inafanya kazi moja tu, inafichua kilichokuwa kimeharibika tangu zamani. Betri iliyochoka, mjini huwezi kuijua, kwa sababu joto linaificha. Mpira uliolegea, mjini unaziba. Ukifika mlimani, ukalala, ukaamka, lori linakusomea madhambi yako yote.

Kwa hiyo lori likikataa kuwaka asubuhi, usikimbilie boneti. Nenda nyuma. Mwambie mwenzako apige stata, wewe simama utazame ekzosi. Kama hakuna moshi kabisa, mafuta hayafiki kwenye injini. Kama unatoka moshi mweupe unaochoma macho, mafuta yanafika ila hayashiki moto, na hapo utafute joto: plagi za hita zimekufa, au injini imechakaa na haikandamizi hewa vizuri. Na kama stata yenyewe inajikokota kama mtu aliyefunga mchana kutwa, basi ni betri, au vichwa vya nyaya vimeota ukungu, au oili imekuwa nzito kama uji. Moshi unakuambia nusu ya kazi kabla mikono yako haijachafuka.

Hayo sikuyatoa shuleni. Shule niliiacha darasa la tano. Mwalimu alikuwa na redio, na mimi nilitaka kujua mtu anayesema humo anakaaje. Niliifungua wakati wa mapumziko. Kuifungua nilijua, kuifunga sikujua, na kabla ya jioni nilikuwa njiani. Tangu hapo sikutulia mahali. Nimelala Malaba, Goma, Juba, nimelala juu ya magunia na chini ya tela. Kila nilipofika niliuliza: hiki ni nini, kwa nini kinazunguka, nani alikitengeneza. Wengi walinifukuza. Mmoja hakunifukuza.

Huyo ni Mzee Fadimula. Alikuwa Mnubi wa Bombo, wa wale ambao babu zao waliletwa na jeshi kutoka Sudani zamani wakabaki huku. Gereji yake ilikuwa Kawempe, paa la mabati na shimo la kuingilia chini ya gari, hakuna kingine. Mwembamba, kofia yake ya msikitini ilikuwa nyeupe siku ya Ijumaa tu. Kiswahili alizaliwa nacho. Mimi Muganda nilikiokota barabarani, na R na L kwangu zilikuwa kitu kimoja. Siku niliyofika kuomba kazi nilimwambia, "Mzee, natafuta mahari pa kurara."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Mahari? Unataka kuoa hapa? Mimi sina binti. Niko na gari mbovu tu."

"Pa kurara, mzee. Usingizi."

"Basi sema lala. Weka ulimi juu, uache ushuke. Ukisema 'rara' hata gari itakataa kulala."

Alinirekebisha hivyo miaka mingi, neno kwa neno, kama mtu anayenyoosha chesisi. Hiki Kiswahili mnachokisoma, jueni alikipiga nyundo yeye.

Alinifundisha huku akicheka. Kuna dereva mmoja aliyemletea kichekesho cha maisha pale sokoni Nakivubo. Betri ilikuwa imekufa, lori liko kwenye mteremko limetazama juu. Yule bwana akaliachia lirudi nyuma ili liwake, lakini akaweka gia ya kwanza. Sasa fikirini: magurudumu yanakwenda nyuma, gia ni ya mbele, injini inazungushwa kinyume. Na dizeli ya zamani haina adabu, inawaka hata kinyume. Ikawaka. Moshi ukatoka kwenye filta ya hewa, ekzosi ndiyo ikawa inavuta hewa. Dereva akafurahi, akaweka gia ya kwanza tena aondoke, lori likaenda nyuma, moja kwa moja kwenye ndizi za akina mama. Mzee Fadimula alicheka mpaka akakaa chini. Jioni nzima alikuwa akirudia, "Injini imetembea kinyumenyume kama mchawi." Kisha akaacha kucheka akaniambia, "Kato, skiza. Gari ikirudi nyuma, gia ni rivasi. Usisahau hata ukiwa umelewa." Sikunywa pombe, lakini alipenda kumalizia hivyo.

Sasa niwaambie kuhusu mdomo, maana ndio ulionikalisha niandike.

Zamani sisi sote tulinyonya dizeli. Mafuta yakirudi tangini na hewa ikajaa kwenye mpira, pampu ndogo ya mkono inatakiwa kuyavuta tena. Pampu ile ikifa, na hufa mapema, ulichukua mpira, ukatia mdomoni, ukavuta kama mrija wa ajono, ile pombe ya chungu, mpaka mafuta yakafika, ukatema. Hakuna aliyeona ni jambo. Mzee Fadimula alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alikuwa akionja dizeli tukimwona, anafumba macho kama mpishi, anasema, "Hii imechanganywa na mafuta ya taa. Mwenye kituo ni mwizi." Na kweli ingekuwa imechanganywa. Watu walileta chupa kutoka mbali ili aonje. Kikohozi alikuwa nacho siku zote, sisi tulidhani ni uzee.

Nilikuwa na lori moja la Kijapani, kuukuu, la tajiri mmoja wa viazi. Tulipakia Kisoro, tukashusha Nakivubo. Lilikuwa na ugonjwa usioeleweka: mjini linawaka vizuri, milimani linasumbua asubuhi. Nilibadilisha hiki na kile. Mwisho Mzee Fadimula akasema, "Twende wote. Nataka kuisikia ikipanda." Alikuwa na umri ambao wenzake walikuwa wanakaa nyumbani wakiamkiwa na wajukuu. Akafunga gereji, akavaa sweta mbili, akaja.

Tulipakia, tukaanza kupanda Kanaba, mlima wa njia ya Kabale. Jioni ukungu ukashuka mzito, ukiwasha taa unaona maziwa tu. Barabara pale upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni hewa. Nikasimamisha mbele ya nyumba ya Mama Sifa, mjane aliyeuzia madereva chai na viazi vya kuchemsha. Lori lilikuwa limetazama juu. Sikupenda kulilaza hivyo, lakini hapakuwa na pengine. Tukatia mawe makubwa nyuma ya magurudumu, tukalala ndani ya kabini tumejikunja kama paka.

Asubuhi kila kitu kilikuwa kimelowa. Nikapiga stata, ikazunguka, si vibaya. Mzee alikuwa nyuma amesimama na tasbihi yake. "Moshi?" nikauliza.

"Hata ya sigara hakuna."

Basi mafuta hayafiki. Akaingia chini na kipande cha kadibodi mgongoni. Nikasikia anacheka kidogo huko chini. Ugonjwa aliukuta. Mpira unaotoka tangini ulikuwa mgumu kwa uzee, na pale unapoungana na bomba ulikuwa umekazwa kwa kibano kilichochoka. Kukiwa na joto unajaa, unaziba. Usiku ukipoa unasinyaa, hewa inaingia nywele kwa nywele, mafuta yote yanarudi tangini. Asubuhi bomba tupu. Ndiyo maana mjini sikuuona. Hii mkumbuke: tatizo linalotokea asubuhi tu, tafuta kitu kinachosinyaa.

Akaukata mpira pale palipokufa, akauvisha upya, akaufunga kwa waya mpaka ukalia. Nikabonyeza pampu ya mkono tuyavute mafuta. Laini, haikamati. Ngozi ya ndani ilikuwa imepasuka. Nikafungua mpira upande wa filta, nikauinua kutaka kunyonya. Akaninyang'anya.

"Lete. Wewe unameza kila kitu."

Mama Sifa alikuwa mlangoni na birika. Kiswahili chake kilikuwa cha upande wa Kongo, cha polepole. "Wababa, mukunywe chai kwanza. Ile gari haitakimbia."

"Haitakimbia kweli, mama," akasema Mzee Fadimula. "Ndio shida yenyewe." Akatia mpira mdomoni.

Lori likiwa limetazama juu, tangi liko chini na filta iko juu, kwa hiyo ilihitaji kuvutwa kwa nguvu. Akavuta, akapumzika, akavuta. Hewa ya asubuhi ile ilikuwa inakata kifua hata cha kijana. Kikohozi kikamjia wakati uleule mafuta yalipofika. Mtu akikohoa, kabla ya kukohoa anavuta pumzi. Nikamwona ameshika shingo. Kisha akatema, akafuta mdomo kwa mkono wa sweta, akanipa mpira huku unadondosha dizeli.

"Imekuja," akasema. Macho yamejaa machozi. "Safi. Haina mafuta ya taa." Na akacheka, na mimi nikacheka.

Nikafunga. Nikalegeza skrubu ya juu ya filta, nikatoa hewa mpaka povu likaisha. Nikalegeza nati za noseli, nikapiga stata, nikaona mafuta yanaruka, nikakaza. Nyuma, moshi mweupe. Vizuri, mafuta yanafika, sasa ni joto. Nikaomba makaa kwa Mama Sifa, nikayatia kwenye karai, nikalisukuma chini ya bakuli la oili. Kwanza nilifuta dizeli yote iliyomwagika, nanyi mfute, msije mkachoma lori na viazi vyake. Nikalowesha gunia kwa maji ya moto, nikalifunga kwenye pampu ya dizeli. Nikageuka kumwonyesha mzee kwamba nakumbuka mafundisho. Hakuwa pale.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda jikoni kwa Mama Sifa, mikono magotini.

"Kifua kinawaka," akasema. "Nimemeza kidogo. Mama, kuna maziwa?"

Ndiyo dawa yetu sisi wa gereji. Mnaijua, mnaitumia hata leo. Ukimeza dizeli, unakunywa maziwa, maziwa yanaikamata sumu na kuishusha. Kila fundi niliyemjua aliamini hivyo, Muganda, Mnubi, Mkenya, Mkongo. Na Mama Sifa alikuwa na ng'ombe mmoja. Alikuwa amemkamua alfajiri ile kwa ajili ya chai ya wateja. Akayapasha moto yote, akayamimina kwenye kikombe kikubwa cha bati, akamshikia mzee mgongo kama mtoto. Akayanywa mpaka mwisho. Akasema, "Mungu akubariki, mama." Akakaa kidogo. Kisha akainama akatapika, maziwa na dizeli pamoja, na katikati ya kutapika akavuta pumzi.

Tangu hapo hakupumua tena kama mtu. Ilikuwa sauti ya msumeno kwenye mti mbichi. Midomo ikawa ya rangi ya majivu.

Hospitali iliyokuwa karibu ilikuwa chini Kisoro, tulikotoka. Simu tulikuwa nayo moja, na mlimani, bila mtandao, ilikuwa saa tu. Basi la Kabale lilikuwa linapita mchana. Nikarudi kwenye lori, nikapiga stata. Moshi mweupe, mguno, moshi mweupe. Kila nilipopiga, betri ilishuka. Mara ya mwisho ilisema tik, ikanyamaza.

Mama Sifa alikuwa ameshapiga kelele zake kilimani. Wanaume wakateremka na ingobyi, ile machela ya kusuka ambayo watu wa huko hubebea wagonjwa mabegani. Wana taratibu zao, wanapokezana bila kumshusha mgonjwa, na hakuna anayeomba chochote. Walikuwa watu wazima, wapole. Mkubwa wao akaniambia, "Tutamubeba. Tutafika jioni."

Mzee alisikia neno jioni. Akainua mkono. "Kato."

"Naam, mzee."

"Mimi sibebwi." Alisema neno, akavuta pumzi, akasema jingine. "Washa gari."

"Betri imekufa, mzee."

"Mlima umekufa?"

Nikaangalia nyuma ya lori. Mteremko. Barabara inashuka moja kwa moja kipande, kisha inakunja kona, na nje ya kona hakuna kitu. Lori lina viazi mpaka juu. Likiwaka kabla ya kona, nina breki za upepo na kila kitu. Lisipowaka, nina breki ya mguu isiyo na nguvu na mawe ya watu nisiowajua majina. Nikamweleza yule mkubwa. Hakuuliza mara mbili. Akawapanga wenzake pande zote mbili, kila mmoja na jiwe mikononi, watembee sambamba na magurudumu, nikipiga kelele watupe.

Tukampandisha mzee kabini. Alitaka kukaa mbele, kando yangu, kichwa kwenye kioo. Mama Sifa akamfunika blanketi lake mwenyewe. Nikakaa, nikakanyaga klachi, mkono wangu ukaenda kwenye gia wenyewe.

"Ngapi?" akauliza, macho amefumba.

"Rivasi, mzee."

"Haya."

Wakaondoa mawe. Lori likakaa kama halijaelewa. Kisha likaanza kurudi, polepole, magunia yakilia, wale wanaume wakitembea, halafu wakitembea haraka, halafu wakikimbia. Kwenye kioo cha pembeni niliona ukungu na mgongo wa mtu mmoja na jiwe lake. Mguu wangu ulitaka kuachia klachi. Nikamsikia kando yangu, "Bado." Msumeno ukavuta, ukarudi. "Bado." Kona ilikuwa inakuja. "Sasa."

Nikaachia. Lori likashtuka lote, magurudumu yakasaga, likatoa moshi mweupe uliofunika barabara na watu, likapiga mara moja, likapiga mara mbili, likashika. Nikakanyaga klachi na breki pamoja. Mawe yakaanguka nyuma ya magurudumu bila mimi kusema. Tulisimama tumetazama juu, injini inatetemeka, na wale wanaume wamesimama kwenye moshi wameshika magoti, wanakohoa na kucheka.

Nilimtazama. Alikuwa anasikiliza injini. "Silinda ya tatu," akasema. "Inachelewa." Nami sikuisikia, hata leo sidhani ningeisikia.

Niligeuza lori pale wanapochimba kokoto, mbele kidogo, nikateremka. Njia nzima sikuzungumza, nilikuwa naogopa kumfanya ajibu. Alikuwa ametoa kidole kimoja nje ya blanketi. Injini ikichoka alikishusha, nikapunguza gia. Ikizidi kasi alikiinua. Tulipofika tambarare kidole kiliendelea kuwa nje lakini hakikusema kitu tena.

Hospitalini walimpokea mara moja, walikimbia naye. Mimi nikaacha injini inanguruma uani, kwa sababu betri ilikuwa imekufa na pale palikuwa tambarare. Daktari akatoka kuniuliza alimeza nini, lini, na kama alitapika. Alikuwa kijana, mpole, alinishika bega. Nikamwambia juu ya maziwa. Akanieleza, na maneno yake nawapa nyinyi kama yalivyo. Dizeli ikiingia tumboni, mara nyingi tumbo litajua la kufanya. Ikiingia kwenye mapafu, mapafu hayajui. Maziwa hayakamati sumu hiyo, yanajaza tumbo tu na kulitapisha, na kutapika ndiko kunakoipeleka dizeli kifuani mara ya pili. Aliyemeza msimpe maziwa, msimpe mafuta, msimtie kidole kooni. Mkalisheni wima, mumkimbize hospitali hata kama anacheka na kusema yuko sawa. Na kabla ya yote hayo, kanunueni pampu ya mpira ile ya kubinya kwa kiganja, ambayo siku hizi inauzwa kila duka la vipuri, muiweke kwenye kisanduku cha spana. Mdomo si pampu.

Nikarudi kwenye lori, nikakaa. Jua lilikuwa limetoka. Nilikuwa nawaza nitampelekaje Kampala akipata nafuu, kama magunia tuyashushe ili apate kulala nyuma.

Muuguzi mmoja akaja mpaka kwenye mlango wa kabini. "Dereva, zima hii gari. Moshi inaingia wodini."

"Sista, nikizima haiwaki. Betri haina kitu."

"Zima tu, kaka."

"Nangoja mzee wangu. Akitoka nitahitaji kumbeba haraka."

Aliweka mkono wake juu ya mlango, pale dirisha linaposhukia, na hakuuondoa. Nikamwangalia usoni. Nikavuta waya wa kuzimia injini.

Tulimzika Bombo kabla ya jua la siku iliyofuata kuzama, mchanga mwekundu, watu wengi wa gereji wamesimama na mikono myeusi ambayo haikutakata hata kwa udhu. Lori nililirudisha kwa mwenyewe, nikaondoka nalo mara moja tu baadaye, kisha nikaacha. Nikaenda Juba, nikaenda Goma, nikarudi. Nilishika spana miaka mingi bado, lakini sikunyonya mpira tena, na aliyenyonya mbele yangu nilimpiga mkono.

Nimewaeleza nyinyi habari ya maziwa kwa sababu nyinyi mnaweza kuitumia. Kuna mtu mmoja sikumweleza.

Nilipita Kanaba muda mrefu baadaye, kwenye lori la mtu mwingine, nikasimama kwa Mama Sifa kurudisha blanketi. Nilikuwa nimelifua. Alinijua kabla sijashuka. Akaniwekea kigoda kilekile jikoni, akamimina chai, hakuuliza mpaka nilipomaliza kikombe.

"Na ule muzee?"

"Alifariki, mama. Siku ileile. Kifua."

Akashika blanketi mapajani, akalikunja, akalikunjua. Nje ng'ombe wake alikuwa anatafuna majani kando ya uzio. Nilijua kwamba kila dereva anayepita pale na tumbo bovu anapewa kikombe kile cha bati, na nilikuwa nimekuja nimejiandaa kusema. Nilikuwa na maneno ya daktari yote kichwani, nimeyapanga, kila R na kila L mahali pake.

"Masikini," akasema. "Lakini alikunywa maziwa yetu. Hakutoka kwangu na tumbo tupu."

"Ndiyo, Mama Sifa," nikasema. "Aliyamaliza yote."